Sauti ya Mwana wa Mgogoni

Nassor alipofariki, redio ilimlilia kabla yangu. Nilikuwa jikoni kwangu Wete, nachanganya unga wa mkate wa kumimina, wifi yangu akapiga simu kunambia kuwa mtoto wa mjomba kaondoka alfajiri, hospitali Unguja, na mayiti analetwa Pemba kuzikwa. Nikasema inna lillahi, nikafunika bakuli. Sijakaa chini sawasawa, redio ya jirani ikaanza. Mtangazaji alikuwa kijana ambaye kwa kumsikia tu nilijua hakuwa amezaliwa Nassor alipopata jina. Akasema kisiwa kimempoteza Mwana wa Mgogoni, mwimbaji na mpiga gitaa aliyetoa albamu moja tu ya roki, iliyopendwa na wakubwa kwa wadogo, kisha akauacha muziki kwa hiari yake, jina lake likiwa juu, akarudi kwa Mola wake. "Ni wachache wenye moyo huo," akasema, na sauti ikamtetemeka kidogo, utadhani naye alikuwepo. Nilisimama na mwiko mkononi. Hasira ilinifika kabla ya huzuni, na hata leo ninapoandika haya, hiyo huzuni bado sijaiona. Albamu ile ina nyimbo tisa, na zote tisa niliimba mimi. Gitaa linalosikika ndani yake nilipiga mimi. Maneno niliyatunga mimi, mengine nikiwa nimekaa mkekani nachambua karafuu. Nassor, Mungu amrehemu, hakuweza kuimba hata kumlaza mtoto.

Mwaka wa albamu ile nilikuwa nimemaliza skuli, nakaa Tibirinzi, Chake Chake, na Mama, nangoja matokeo ambayo kila mtu alinambia nisiyategemee. Nyumba ya ubavuni walipanga watu wa Bara. Mume alifanya kazi ofisi ya serikali, na mkewe, Mama Neema, akifundisha kwaya kanisani kwao. Sebule yao naikumbuka kuliko ya kwetu. Makochi yalivishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda ya mwaka uliopita haikuondolewa ukutani kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri, na pembeni, juu ya msumari, lilining'inia gitaa la mbao. Mara ya kwanza nilikwenda kuazima kinu. Mama Neema alikuwa kaketi na gitaa mapajani, anatafuta wimbo, kila akifika pahala pamoja anapotea na kuanza upya. Mie nimesimama mlangoni, nikashindwa kunyamaza. "Mama, hapo panda." "Nipande vipi?" Nikamwimbia. Akaniangalia, kisha akacheka, wala si kwa dharau. "Bi Raya," akasema, ingawa nilikuwa msichana tu na hakuna aliyekuwa akiniita Bi, "sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi siku zote?"

Sikuwa nimeificha. Nilifichwa. Sauti yangu ni nzito, toka utotoni. Simu ikilia nyumbani nikaipokea, watu wakisema, "Kaka, hebu nipe mama mwenye nyumba." Madrasa, tukijiandaa na kasida za maulidi, ukhti, mwalimu wetu, aliniweka safu ya nyuma kabisa na kunambia nifungue mdomo tu, nisitoe kitu, nisije nikawaharibia wenzangu. Nikazoea kufungua mdomo bila ya kutoa kitu. Mpaka nilipofika mlangoni kwa Mama Neema sikujua kuwa kuna mtu duniani angeweza kuisikia ile sauti akataka aisikie tena. Akaanza kunifundisha siku ile ile. Nilikuwa nikienda asubuhi, mumewe akiwa kazini na Mama keshatoka kwenda sokoni, nikabonyeza nyuzi mpaka ncha za vidole zikafanya sugu. Akiniona nalegea huweka sahani ya makande mbele yangu. "Kula kwanza," alikuwa akisema. "Unabonyeza kama mgonjwa." Alikuwa na kanda za kaka yake aliyepata kupiga bendi huko Bara, na humo ndimo nilimosikia roki kwa mara ya kwanza: magitaa yananguruma, na juu yake mtu anaimba taratibu, wimbo unaoweza kuushika ukaondoka nao. Nilizisikiliza mpaka nikawa nazijua hata pahala kanda ilipokwaruzika. Nilijua kwamba kitu nilichokitaka ni kile, ila kwa maneno yetu.

Nassor alikuwa mtoto wa kiume wa Mjomba, kaka yake Mama, na wao wakikaa Madungu. Sitamnyima haki yake: alikuwa fundi. Ukimpa redio iliyokufa anaifungua, anapuliza vumbi, anagusa hapa na pale, inasema. Kaka yake aliyekuwa Omani alimpelekea kompyuta na gitaa la umeme, gitaa asilojua kulipiga, na akawa anaitumia kompyuta kutengeneza ngoma za kila namna. Nilipomwimbia, mbele ya mamake, tena kwa kubembelezwa, alisimama akazunguka kiti chake. "Yakhe, weye!" akasema. "Hichi n'nini?" Kesho yake akanipeleka stoo ya karafuu, hapo hapo kwao Madungu. Mjomba alikuwa na shamba Mgogoni, na msimu ule ulikuwa mkubwa, magunia ya karafuu yamepangwa kutoka chini mpaka karibu na dari, kuta zote nne, imebaki nafasi ya viti viwili na meza. "Piga kofi," Nassor akanambia. Nikapiga. Kofi likafia papo hapo, halikurudi. "Unaona? Studio kubwa kubwa hazina hichi." Akacheka kama mtoto, na mie nikacheka. Siku ile nilimpenda kama ninavyompenda kila mtu anayeijua kazi yake, na hili nalisema ili ieleweke kuwa baadaye sikuibiwa na mgeni.

Tulirekodi kwa kuvizia umeme, maana kisiwa kizima ulikuwa wa jenereta, unakuja na kukatika unavyotaka. Asubuhi nilikaa uani na mkewe Mjomba na wanawake wengine tunachambua karafuu, umeme ukirudi Nassor anaita, "Raya, taa!" nami nanyanyuka na mikono inanuka, nyuzi za gitaa zikateleza kwa yale mafuta. Mkewe Mjomba alituletea chai ya mchaichai na mkate wa mofa, akauweka juu ya gunia na kutoka bila ya kuuliza kitu. Alidhani tunacheza. Wimbo wa kwanza kurekodiwa ulikuwa "Jua la Utosi," wa msichana aliyekitafuta kivuli chake mchana wa saa sita asikione, maana amekikanyaga mwenyewe. Niliuimba mara moja tu. Nassor hakunigeukia. Alibaki anaangalia kompyuta, mabega yamemshuka, kisha akasema polepole, "Hatuurudii huu." Ukafuata "Chumvi," na nyingine na nyingine. Katikati ya kazi Mjomba akauza karafuu zake, vijana wakaja wakabeba magunia, na stoo ikabaki kuta tupu. Nyimbo mbili za mwisho tuliziimbia humo. Ukiisikiliza albamu utazijua mara moja, sauti inatoka kama mtu yuko kisimani. Nimewahi kumsikia mjuzi mmoja redioni akiusifu ule mwangwi, akasema Mwana wa Mgogoni alikuwa mbele ya wakati wake. Ni magunia tu yalikuwa yameondoka.

Mama alipojua, hakunigombeza. Alivaa baibui lake akaenda Madungu kwa kaka yake. Mie nilikuwa huko huko, naosha vyombo, na ukuta kati ya jiko na ua ulikuwa wa makuti. "Kaka," nilimsikia akisema, "mtoto anaimba na gitaa. Kesho wenye kutaka mke wakisikia, nitaficha wapi uso wangu?" Mjomba alikuwa mtu wa utulivu, hakuwa na haraka na jambo lolote. "N'nani atajua?" akauliza. "Umemsikia lakini? Kila atakayesikia atadhani mwanamme." Mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Wallahi, kweli," akasema. "Basi asitajwe jina." Nimesamehe mambo mengi ya mwaka ule, au nimejitahidi, lakini kicheko kile bado nakisikia ninapofunga milango ya nyumba yangu. Sauti iliyofanya nifichwe madrasa, sasa ikawa ndiyo salama yao. Jina nililichagua mwenyewe. Nilisema iandikwe Mwana wa Mgogoni, kwa sababu huko ndiko lilikokuwa shamba nilikojifunza kutembea, na kwa sababu mwana ni mtoto, awe wa kike awe wa kiume. Nilidhani nimewaachia watu mlango. Kwenye jalada Nassor akapiga picha ya gitaa limeegeshwa kwenye magunia, basi.

Sidii zilipotoka zilipelekwa kwenye duka moja la muziki Chake, karibu na soko. Siku chache baadaye nilikwenda na Mama Neema kununua dagaa, na kabla hatujafika nikaisikia sauti yangu inatoka kwenye spika iliyowekwa mlangoni. Vijana wamejazana. Mmoja anasema huyu si Mpemba, Mpemba haimbi hivi. Mwenzake akamjia juu: "Mpemba! Hukumsikia anavyosema 'weye'? Huyu kwao hapa hapa." Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya kiua, akawaambia kwa uhakika kuwa yeye anamjua, ni jamaa mrefu, mweupe kidogo, kapata kukaa Muscat. "Shikamoo," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu," akajibu, na kuendelea kunisifia kwa wengine bila ya kuniangalia. Mama Neema aliniminya mkono mpaka kidole kikauma. Tulipofika kwenye dagaa tulicheka hadi muuzaji akadhani tunamcheka yeye. Sijawahi kufurahi tena namna ile. Niliolewa, nikazaa, nikajenga, kote nilifurahi, lakini si namna ile.

Kisha redio ikamwita Mwana wa Mgogoni. Tukakubaliana, mie na Nassor, tumekaa kwenye stoo tupu: ataenda yeye, atasema yeye ndiye aliyetengeneza muziki, na mwimbaji ni mtu wa kwetu asiyependa kujulikana. Ilikuwa kweli yote. Ingemtosha, na watu wangemheshimu kwa hiyo kweli, maana bila ya yeye albamu isingekuwepo. Siku yenyewe nilikuwa jikoni kwa Mama Neema, yeye anakoroga ugali, mie nimeishikilia redio mapajani. Mtangazaji alipiga "Chumvi" mpaka mwisho, akasifu, kisha akauliza, "Sasa, Nassor, watu wanataka kujua. Mwana wa Mgogoni ni nani hasa?" Nilisikia kiti kikilia, nikamwona kwa macho ya moyo anavyojigeuza.

"Ni mie," Nassor akasema.

"Ni wewe unayeimba?"

"Ni mie mwenyewe. Nikiimba sauti hubadilika kidogo."

Mama Neema aliacha kukoroga. "Huyu mtoto kasema nini?" aliniuliza. "Raya, kasema nini?" Ugali ukaanza kuungua na hakuna aliyeuondoa. Nakumbuka nilizima redio kwa upole, nikaiweka mezani, nikafuta vumbi juu yake kwa kiganja.

Nilikwenda Madungu kwa miguu mchana ule ule. Nikamkuta stoo, bado kavaa shati la kutokea. "Nilibanwa, Raya," akaanza kabla sijasema. "Kaniuliza ghafla." Nikamuuliza tulikubaliana aseme nini. "Tulikubaliana, sikatai. Lakini ukisema mtu hataki kujulikana, ndo watu wanamtafuta. Wangekufikia. Nimekuziba mie." Nikamwambia, "Umeniziba au umenivaa?" Akachezea waya uliokuwa mezani. Kisha akasema: "Kwani ungefanya nalo nini jina, Raya? Ungepanda jukwaani weye? Shangazi angekuacha?" Shangazi ndiye Mama yangu. Sikuwa na jibu siku ile, na yeye akaona kuwa sina, akapumua. Nimekuwa na jibu kila siku tangu hapo. Ningepanda. Ningepanda na mtandio wangu kichwani, ningeimba, na wangefanya walichotaka kufanya, lakini ingekuwa ni kwangu mimi wanafanya.

Ijumaa iliyofuata Mjomba alikuja Tibirinzi na sufuria la bokoboko, nikajua kuna jambo, maana hakuwa akitembea na chakula. Walikaa sebuleni na Mama, mie nimeachwa jikoni nakanda chapati. Hawakupunguza sauti. Nadhani hawakuona haja. "Tuwaozeshe," Mjomba alisema. "Damu moja, nyumba moja. Yeye aimbe ndani, mumewe atoke nje. Siri haitapita mlangoni." Mama akasema, "Kaka, hilo la kheri." Akalisema haraka mno, kama mtu aliyekuwa analingojea. Nilitoka na mikono ina unga, nikasimama mbele yao. "Mjomba, shikamoo. Sitaki." Mjomba akaniangalia kwa upole wake. "Hujaulizwa bado, mwanangu." Nikasema, "Ndiyo maana nasema mapema." Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Kuanzia siku ile hakusema na mimi isipokuwa la sala na la chakula. Bokoboko lile lilikaa kwenye meza mpaka likaganda, nikawapelekea kuku wa jirani. Wanaonisikia nikisimulia hudhani nilimkataa Nassor kwa hasira. Nilimkataa kwa sababu niliiona ile nyumba: chumba kimoja kisicho dirisha, mie ndani, na nje watu wanampigia makofi mume wangu.

Akaenda Unguja peke yake. Akawa anaitwa kwenye kumbi na mahoteli, sidii inapigwa, yeye anafungua na kufunga mdomo, gitaa limening'inia shingoni. Waliomwona walirudi na kutusimulia nyumbani kwetu, mbele yangu, jinsi alivyofumba macho kwenye "Chumvi" utadhani analia. "Kijana wenu ana kipaji," wakimwambia Mama, naye akisema alhamdulillah. Lakini watu wa Unguja si wajinga. Wakataka aimbe bila ya sidii, wakataka nyimbo mpya. Ndipo alipokuja Tibirinzi. Alikaa ukingoni mwa kochi, kakonda, suruali mpya, mkononi ana maneno aliyoyatunga mwenyewe. "Nyimbo mbili tu, Raya. Halafu basi." Nikamwambia, "Imba mwenyewe." Akaniangalia. "Unajua kuwa siwezi," akasema. Ni mara moja tu katika maisha yake aliyosema hivyo, na hapakuwa na shahidi ila mimi na kuta za Mama. Nikampa maji. Akayanywa, akaondoka.

Shahidi wa kweli alikuwa mmoja. Mama Neema aliniambia zaidi ya mara moja, "Niache niseme. Nitakwenda redioni, nitawaambia nimemfundisha huyu binti mwenyewe, nyumbani kwangu." Nikamuuliza nani atamsikiliza. "Watasema Mkristo wa Bara kamtoa mtoto wa watu kwenye njia, Mama. Na utakuwa umeiponza na kwaya yako." Hakubisha, kwa kuwa alijua. Mwaka haujaisha, mumewe akahamishwa kurudi Bara. Nilimsaidia kufunga mizigo. Alitoa vile vitambaa vya makochi kimoja kimoja, akavikunja, akaliviringisha gitaa ndani ya blanketi na kuondoka nalo. Sikuliomba na hakunipa. Tulijua sote kuwa kwetu lingelala chini ya kitanda mpaka lipasuke.

Na Nassor akatubu. Hilo ndilo lililowashinda wote, na mimi nikiwa wa kwanza. Baada ya sala ya Ijumaa, msikitini Madungu, alisimama akawaambia waumini kuwa Mungu kamfungua macho, muziki basi, hataimba tena maishani. Watu walimkumbatia. Wapo waliolia, na Mjomba alikuwa mmoja wao. Zilikuja habari kuwa walimu wanamtolea mfano madrasa: kijana aliyepata jina akaliacha. Ukiufikiria, ulikuwa ufundi mkubwa kuliko wowote alioufanya kwenye kompyuta. Mtu asiyeweza kuimba kapata sifa ya kuacha kuimba. Hakuna atakayemwambia imba tukusikie, na akijaribiwa, atatabasamu kwa huzuni, na watu watazidi kumpenda. Mama alirudi kutoka Madungu jioni ile, akavua baibui, akasema na mimi lisilo la sala wala la chakula kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Umesikia? Mwenzio karudi kwa Mola wake. Na weye?" Alijua. Ndilo ninalotaka lieleweke. Mjomba hakudanganywa, na Mama hakudanganywa, walijua wote sauti ni ya nani, na bado Mama alinitazama machoni akanambia nijifunze kwa Nassor. Nilimwambia, "Inshallah, Mama." Nikaenda kuteleka maji ya chai. Sikushika gitaa tena. Kwa muda nilidhani nalisusa, kama mtoto anavyosusa chakula ili wakubwa waone. Hakuna aliyeona, na njaa ikawa yangu.

Nilikwenda msibani kwa Nassor kama inavyopasa. Nassor alikuwa karudi Madungu zamani, kaoa mke wa Unguja, Shemsa, kafungua duka la vifaa vya umeme, watu wakimwita Shehe kwa heshima. Siku ya hitma nilipakua pilau pamoja na wanawake wengine mpaka mgongo ukauma. Watu walipopungua, Shemsa akaniita chumbani alimokuwa kakaa eda, kajifunika nguo nyeupe. "Dada Raya, rudisha mlango," akasema. Nikaurudisha. Akaninyooshea mto nikae.

"Ile sauti ni yako," akasema.

Akaendelea bila ya kuniangalia. Alisema alipokuwa msichana Unguja aliisikiliza albamu ile kila siku, mpaka dada zake wakamficha redio. "Alipokuja kunitaka, sikuuliza kazi yake wala watu wake. Nilisema huyu ndiye anayeimba 'Chumvi,' basi. Tumeoana, namwambia niimbie. Ananambia kaacha. Namwambia hata kwa kunong'ona, Mungu anajua nia. Anakataa. Siku moja mtoto wetu wa kwanza ana homa, nikamsikia chumbani anambembeleza kwa wimbo." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa uani nafua. Nikakaa chini kwenye maji."

"Ukamwambia?"

"Nna mtoto mgonjwa na mwengine tumboni, nimwambie nini?"

Nikamuuliza kajuaje kuwa ni mimi. Akasema nilikwenda kwenye harusi ya shemeji yake, nikamsalimia mlangoni. "Ulisema 'Assalaam alaykum, wifi.' Sikuhitaji zaidi. Nimekuchukia tangu siku ile, Dada Raya, na hujanikosea kitu." Kisha akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Watoto hawana cha baba yao ila jina lile. Skuli wanaitwa kwalo. Usiwavue."

"Na mie, Shemsa?" nikasema. "Mie nna nini?"

Akauachia mkono wangu, akaangalia mkeka. Sikumwahidi. Nilimwombea subira, nikavaa baibui, nikatoka.

Njia ya kwendea kituo cha gari inapita kwenye baraza moja iliyoezekwa bati. Vijana walikuwa wamekaa, simu moja imewekwa katikati, na kutoka kwenye simu ile mwanamke wa umri wa binti yangu alikuwa anaimba "Chumvi": mimi, wa mwaka ule. Nilipunguza mwendo. Miaka yote nilikuwa nikiukimbia ule wimbo, nikiusikia dukani natoka, nikiusikia kwa jirani nafunga dirisha. Siku ile, sijui kwa nini, nilitaka ubeti wa pili ufike. Nilikumbuka pale ninapovuta pumzi kabla yake, nikajikuta naivuta.

Kijana mmoja akainua kichwa, akaniona.

"Zima, zima wee," akawaambia wenzake kwa haraka. "Mama wa watu anapita, tena katoka msibani." Akanyoosha mkono akaizima mwenyewe. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba," nikasema.

Walikuwa vijana wenye adabu. Waliinamisha vichwa, wakangoja mpaka nikakata kona, ndipo wakaiwasha tena, na kwa umbali ule maneno sikuyasikia.